Kipimo cha Mwaka Juzi

Kila asubuhi ya shule, kabla jua halijafika kizingitini, Sindano alifanya kazi tatu kwa mpangilio uleule. Alifagia chumba cha mbele. Alichemsha chai ya baba. Halafu aliifunua cherehani ya marehemu mama yake na kuipangusa kwa kipande cha flana, kuanzia gurudumu, shingo, hadi kwenye kanyagio. Akishamaliza, alitia tone moja la mafuta katika kila tundu, akalizungusha gurudumu kidogo na kutega sikio asikie kama bado linateleza. Liliteleza vizuri, kama maji. Hapo aliifunika tena na kitambaa chake cha maua.

Cherehani hiyo haikuwa imeshona hata pindo moja tangu mwaka juzi. Lakini chombo kisichoguswa hushika kutu, na Sindano hakutaka kutu imguse mama hata kwa njia hiyo.

Jina la Sindano alipewa na mama mwenyewe. Sindano alipokuwa na miaka mitano, macho ya mama yalikuwa yameanza kuchoka, na yeye ndiye aliyekuwa akimtungia uzi. "Iko wapi sindano yangu?" mama aliita, na mtoto alikuja mbio na vidole vyake vyembamba. Basi jina likaganda. Sasa alikuwa na miaka kumi na sita, yuko kidato cha mwisho, mrefu kumpita hata shangazi yake.

"Nesi wangu, chai tayari?" baba aliuliza akitoka chumbani. Alikuwa mpaka rangi, na ovaroli yake ilikuwa na alama ya kila nyumba aliyowahi kuipaka. Ungeweza kuonyesha kwa kidole: buluu hii ya zahanati ya meno, manjano hii ya duka la viatu.

"Tayari, baba."

"Nesi akisema tayari, mgonjwa anakunywa," baba alitania.

Sindano alitabasamu kwa midomo tu. Neno hilo, nesi, kila lilipotamkwa lilimchoma chini ya mbavu. Alimmiminia baba chai, naye mwenyewe akajifanya anatafuta daftari ili asiulizwe mbona hanywi.

Tuseme ukweli tangu mwanzo, maana hadithi hii haifichi kitu. Mama alipougua alilazwa wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Jioni moja alimshika Sindano kidole kimoja, kwa kuwa nguvu za kushika mkono mzima hazikuwepo, akasema, "Mwanangu, uje uwe kama hawa wenye koti jeupe."

"Nitakuwa, mama. Nakuahidi," Sindano alijibu.

Baada ya siku tatu, kitanda cha dirishani kilitandikwa shuka jipya na akalazwa mtu mwingine.

Baba alikuwa amesimama miguuni pa kitanda wakati ahadi ile inatolewa. Tangu siku hiyo aliishika kama mtu anayeshika kamba kisimani. Akaisimulia kwa muuza mkaa, kwa fundi baiskeli, kwa mwenye duka la kona. Mtaa mzima ukaacha kumwita Sindano, ukawa unamwita Nesi. Na yeye alikubali. Angekataaje? Maneno ya mwisho ya mama ni maneno ya mwisho.

Shuleni, mwezi huo ulikuwa mwezi wa fomu za machaguo. Kila mwanafunzi wa kidato cha mwisho alipewa karatasi moja yenye mistari mitatu: chuo cha kwanza, cha pili na cha tatu. Aliyezigawa alikuwa Mwalimu wa Ushauri, mtu mwembamba, mpole wa sauti, ambaye wanafunzi walisema akipiga chafya huomba radhi kwa ukuta.

"Msiandike kwa kufuata rafiki," aliwaambia. "Wala msiandike kwa kuogopa mtu. Aliye na swali aje ofisini kwangu. Mlango wangu hauna kufuli, lilivunjika mwaka jana na hakuna aliyelitengeneza."

Darasa likacheka. Rafiki yake Sindano, ambaye kwa kuongea alipewa jina la Kasuku, akamgusa kiwiko. "Wewe huna shida, shoga. Yako imeshaandikwa na mtaa mzima. Mimi hata sijui kama nataka kuwa mwalimu au mtangazaji."

"Uwe vyote viwili. Mdomo unao," Sindano alisema, na Kasuku akacheka mpaka akakohoa.

Lakini Sindano alipoiweka kalamu kwenye mstari wa kwanza na kuandika herufi ya u, ya uuguzi, vidole vilipoa kama vimetolewa kwenye mtungi. Moyo ulianza kwenda mbio ingawa mwili umekaa. Pumzi ikawa fupi. Akaikunja fomu na kuitia katikati ya kitabu cha hesabu, na hakuigusa tena wiki nzima.

Wiki hiyo chakula kilikuwa kikimkaa kooni. Mchana alimpa Kasuku sehemu yake, na Kasuku, Mungu amsamehe, alipokea bila maswali. Usingizi nao ulimpotea. Sindano hakumwambia mtu. Aliona aibu. Alijisema moyoni, "Mtoto gani huyu anayemwahidi mama yake kitandani, halafu anaogopa herufi moja?"

Basi ikafika siku ya kutazama kazi. Wanafunzi waliotaka vyuo vya afya walipelekwa hospitali, sita kwa jumla, wakavalishwa makoti meupe ya kuazima. La Sindano lilimfika magotini na mikono yake ilipita vidole. Ilikuwa hospitali ileile. Harufu ya dawa ya sakafu ilikuwa ileile. Muuguzi mkuu, mwanamke mchangamfu mwenye viatu visivyopiga kelele, aliwatangulia akieleza hili na lile, na wenzake walikuwa wakiandika.

Wakafika kwenye mlango wenye namba nne. Namba yenyewe ilikuwa ya bati, imelegea msumari mmoja, imeinama upande. Mwaka juzi pia ilikuwa imeinama hivyohivyo.

Masikio ya Sindano yalijaa mvumo. Kupitia upenyo wa mlango aliona ncha ya kitanda cha dirishani na vidole vya miguu vya mtu chini ya shuka.

"Naomba kwenda msalani," alimwambia muuguzi.

"Kulia, halafu kushoto. Utatukuta humu ndani."

Hakwenda kulia. Alitembea moja kwa moja, mkono ukutani, akapita mlango, akapita mwingine, mpaka ukumbi ulipokwisha. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na chumba cha mashuka. Ndani yake, katikati ya marundo meupe yaliyofika kifuani, alikaa bibi mmoja mbele ya cherehani, akigombana nayo.

"Wewe mashine wewe! Umri wako unazidi wangu na bado unaringa! Nimekukosea nini leo?" Bibi wa Mashuka akainua macho. "Na wewe daktari mdogo, umepotea?"

Sindano alitaka kusema ndiyo. Badala yake aliangalia shuka lililokuwa chini ya sindano. Uzi wa chini ulikuwa umejikunja vitanzi vitanzi kama nywele za mtoto mchanga.

"Bibi, uzi wa chini umelegea," alisema. "Una bisibisi ndogo?"

"Ninayo, lakini sijui imejificha wapi." Bibi alipapasa chini ya mashuka mpaka akaipata.

Sindano alikunja mikono ya lile koti. Alivuta kijumba cha bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, akapuliza, ikatoka bonge la vumbi la pamba lenye ukubwa wa kunguni. Akakaza skrubu, robo mzunguko tu, akarudisha, akajaribu. Bado. Akafungua bati la juu, akasafisha meno yanayosukuma nguo, akaona jino moja limejaa nyuzi zilizogandamana na mafuta ya zamani. Akazichokoa moja moja. Alipozungusha gurudumu mara ya tatu, mshono ulitoka umenyooka kama mstari wa rula.

"Ah!" Bibi wa Mashuka alipiga makofi. "Nimewaomba walete fundi tangu mvua za mwanzo. Kumbe fundi yuko kwenye koti la daktari!"

Sindano alipotazama saa ya ukutani, ilikuwa saa tisa alasiri. Saa nne zilikuwa zimepita naye hakuziona. Mikono yake ilikuwa na joto. Wenzake walikuwa getini wakimsubiri, na alisema tumbo lilimuuma, nao wakaamini.

Nyumbani baba alikuwa amewahi kurudi. Alikuwa amekaa mlangoni kabisa, uso umeoshwa, kama mtu anayesubiri mgeni.

"Ehe, niambie! Wamekufundisha nini?"

Hapo ndipo Sindano alipokosea. Angeweza kusema, "Baba, nilishindwa." Neno lilikuwa ulimini. Lakini aliuona uso ule uliojaa hamu, akauhurumia, na huruma ile ikazaa uongo.

"Wamenifundisha kupima presha," alisema. "Niliingia hadi wodi namba nne. Kuna mgonjwa kwenye kile kitanda. Nilimshika mkono."

Baba alifumba macho. Kisha akacheka, kicheko cha tumboni ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia kwa miaka miwili. "Mama yako anasikia," alisema. "Wallahi anasikia." Akatoka kwenda kumwambia fundi baiskeli, na Sindano akabaki amesimama katikati ya chumba, akiitazama cherehani iliyofunikwa kama inaweza kumshtaki.

Uongo una miguu mingi kuliko jongoo. Ijumaa baba alirudi na furushi la karatasi kwapani. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe, kizito, kizuri, kimekunjwa kwa mistari.

"Hata kama chuo hakijakuita, sare tuiandae," alisema. "Kesho uende kwa Mama Pacha akupime."

Mama Pacha alikuwa shoga na mshirika wa marehemu. Wawili hao walikuwa wameshona bega kwa bega kwa miaka kumi na minane katika chumba kimoja kidogo karibu na soko, cherehani mbili zikitazamana. Baada ya msiba alibaki peke yake. Upande wa pili alikuwa ameweka kiti kitupu, na mteja akitaka kukikalia alimwambia, "Hicho kina mwenyewe."

Alikuwa mnene, mwepesi wa maneno, na midomo yake ilibana pini tano sita wakati wote bila kumzuia kuongea.

"Karibu, Sindano isiyotoboa," alisema Jumamosi hiyo. "Haya, vua sweta. Simama wima kama askari aliyekosa mshahara."

Akaitoa futi yake, ule utepe wa kupimia uliomning'inia shingoni. Akapima mabega. Akapima mkono. Akaizungusha futi kifuani, akaishikilia kwa vidole viwili, akainama asome. Hakusoma. Akaacha, akazungusha tena. Kisha akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. Mama Pacha hutoa pini mdomoni kwa mambo mawili tu, kula na msiba.

"Futi inaruka," alisema polepole.

"Inaruka vipi, mama?"

"Inaruka. Nimepima watu zaidi ya miaka ishirini. Nimepima bibi harusi anayelia. Nimepima mtu aliyekuja mbio akifukuzwa na mbwa. Sijaona kifua kinachopiga hivi kwa mtoto aliyesimama tu."

"Nimetembea haraka."

"Umekaa hapo kwenye benchi nusu saa ukisubiri nimalize suruali."

Mama Pacha alishuka kiunoni, akapima, akapima na urefu, akakunja uso. Akaenda kwenye rafu na kutoa daftari la vipimo, nene, jalada limefungwa kwa utepe wa pindo. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake. Mtu akija kupimwa upya, vipimo vya zamani vilikatwa mstari na vipya vikaandikwa chini yake. Ndiyo ilivyokuwa desturi yao, asije mtu akakata nguo kwa kipimo kisicho chake.

Ukurasa wa Sindano uliandikwa na mama. Mistari kumi na moja, kuanzia alipokuwa na miaka minne. Kumi ilikuwa imekatwa. Wa mwisho, wa mwaka juzi, haukukatwa, kwa kuwa aliyeuandika hakupata nafasi ya kuandika mwingine. Na pembeni ya kila mstari, kwa mwandiko wake wa kulala upande, mama alikuwa ameandika maneno yaleyale: *Bado anakua, acha nafasi.*

Ilikuwa mara ya kwanza Sindano kuyaona.

"Sikiliza," Mama Pacha alisema, kidole kwenye mstari wa mwisho. "Mwaka juzi kiuno kilikuwa inchi ishirini na sita. Leo ni ishirini na tatu. Urefu umeongezeka inchi mbili, kiuno kimepungua tatu. Mtoto hukua, Sindano. Mtoto hasinyai. Nani anakula chakula chako?"

"Kasuku," Sindano alisema, na kwa jibu hilo dogo la kuchekesha machozi yakaporomoka yote kwa pamoja.

Alieleza kila kitu. Herufi ya u. Vidole vinavyopoa. Namba iliyoinama mlangoni. Chumba cha mashuka. Uongo wa presha na wa mkono wa mgonjwa. "Nilimwahidi mama," alirudia. "Nilimwahidi, na siwezi. Nikikaribia pale nakuwa kama nakufa mimi."

Mama Pacha hakumwambia anyamaze. Alimwachia alie mpaka kilio kikaisha chenyewe, akimfuta uso na kipande cha pamba laini. Na yeye pia alilia, bila sauti, akiangalia kile kiti kitupu.

Halafu akakikunja kile kitambaa cheupe kwa mistari yake ya mwanzo.

"Hiki sikikati," alisema. "Na baba yako simwambii. Utamwambia wewe, leo, jua halijazama. Mimi nitakuwa kando tu, kama pini. Nguo ikiteleza, nitaishikilia."

Walimkuta baba uani, anaosha brashi zake kwenye kopo la mafuta ya taa. Alipowaona alisimama kwa furaha. "Shemeji! Umeshampima nesi wetu?"

"Nimempima, shemeji. Kaa. Ana neno."

Sindano aliliangalia kopo lile, rangi zikizunguka ndani yake. "Baba, nilikudanganya," alisema. "Sikuingia wodi. Sikupima presha. Nilifika mlangoni nikakimbia."

Baba alibaki ameshika brashi. Matone yalidondoka kwenye kiatu chake, moja, jingine, naye hakuyaona.

"Nimemwambia kila mtu," alisema hatimaye.

"Najua, baba. Nisamehe."

"Mama yako alitaka kitu kimoja tu!" Sauti ilimpanda. "Kimoja! Na ulisema ndiyo. Nilikuwepo!"

"Shemeji," Mama Pacha alisema, bila kupandisha sauti. "Mkeo umemjua miaka mingapi?"

"Ishirini."

"Katika hiyo ishirini, uliwahi kumwona anamkatia mtoto nguo kwa kipimo cha mwaka juzi?"

Mama Pacha akamfungulia daftari na kumwekea kwenye mapaja. Baba hakuwa msomaji mwepesi. Alifuata mistari kwa kidole chenye rangi, akasoma kwa kunong'ona: bado anakua, acha nafasi. Bado anakua, acha nafasi. Alipofika wa mwisho, kidole kilisimama, na mabega yake makubwa yakaanza kutikisika. Sindano hakuwahi kumwona baba akilia, hata siku ya mazishi.

"Unajua," baba alisema baadaye, akijifuta kwa mkono wa shati, "mimi mwenyewe pale sipiti. Nikiwa na kazi ng'ambo ya hospitali, nazunguka njia ndefu na ngazi begani. Watu wananicheka. Nawaambia napunguza tumbo." Akalifunga daftari taratibu. "Wale madaktari walisema maneno mengi, mwanangu. Mimi niliitikia tu ndiyo, ndiyo. Sikuelewa hata nusu. Nilitaka katika nyumba hii awepo mmoja wetu anayeelewa. Basi. Ndicho nilichotaka. Nikakubebesha wewe."

Sindano aliketi chini kando yake.

Jumatatu baba aliacha kazi nusu siku akaenda naye shuleni. Mlango wa Mwalimu wa Ushauri kweli haukuwa na kufuli. Baba alikalishwa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakamfika kidevuni.

Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwanza, Sindano, wewe si mwoga na wala huna kichaa. Ulipata jeraha mahali pale, na mwili wako unapakumbuka. Moyo kwenda mbio, pumzi kuwa fupi, kukosa njaa na usingizi, hayo yana jina, na yana tiba kama malaria ilivyo na tiba. Kuna mshauri anayekuja hapa kila Alhamisi. Utaonana naye. Haitaisha kwa siku moja. Lakini ukiificha, haitaisha kabisa."

"Na ahadi yangu?"

Mwalimu alifikiri. Hakuwa mtu wa kukimbilia majibu. "Ahadi ile ilikuwa ya mapenzi. Hukumdanganya mama yako, ulimpa ulichokuwa nacho siku hiyo. Itakuuma kuiacha. Sitakuambia haitauma."

Kisha akaitandaza ile fomu iliyokunjamana. "Sasa niambie. Ni lini mara ya mwisho ulifanya jambo ukasahau kutazama saa?"

Sindano alifikiri, akajikuta anasimulia chumba cha mashuka: bonge la vumbi, robo mzunguko wa skrubu, jino lililojaa nyuzi. Kadiri alivyosimulia ndivyo mikono yake ilivyopata joto. Baba alimtazama kama anamwona mtu aliyerudi kutoka safari.

"Kuna chuo cha ufundi wa mitambo," mwalimu alisema. "Cherehani, pampu, mashine za viwandani. Hata za hospitali, siku ukiwa tayari, au usiwe tayari kamwe. Ni juu yako."

"Mwalimu," baba aliuliza kwa wasiwasi, "kazi hiyo, kwa mtoto wa kike..."

"Mzee, mashine haiulizi aliyeshika bisibisi ni nani."

Baba akakuna kichwa. "Hata ukuta hauulizi," alikiri.

Sindano hakuandika siku hiyo. Mwalimu alimpa siku tatu na karatasi zinazoeleza vyuo vinne, azisome na kuuliza. Alizisoma zote, akauliza maswali tisa, na siku ya tatu akaandika mistari yote mitatu kwa kalamu ya wino. Vidole vilipoa kidogo, lakini havikuacha kuandika.

Si kila kitu kilinyooka. Mtaani walimwuliza, "Nesi, imekuwaje?" na baba alilazimika kueleza, mara ya kwanza kwa aibu, mara ya tano bila aibu. Siku nyingi alishindwa amwite nani. Alisema tu "wewe" au "mwanangu." Kisha asubuhi moja, Sindano akiwa anaipangusa cherehani, alisikia nyuma yake sauti ya baba, nzito ya usingizi: "Sindano, chai tayari?" Ikabidi aushike ukingo wa cherehani, maana tangu msiba hakuna aliyeliita jina hilo ndani ya nyumba ile.

Kitambaa cheupe walikipeleka hospitali. Baba alifika naye mpaka getini akashindwa kuvuka. Sindano alimwacha hapo, akazunguka kwa mlango wa nyuma, akampa Bibi wa Mashuka. Kikawa foronya ishirini. Zipi zililala wodi namba nne, hakuuliza.

Mwaka mpya ulipoingia, barua ya chuo cha mitambo ilikuja. Mama Pacha akamwita ampime ovaroli ya karakana. Safari hii futi ilitulia kifuani, ikipanda na kushuka taratibu. Kiuno kilikuwa inchi ishirini na sita na nusu.

Mama Pacha alifungua daftari, akamnyooshea penseli. "Andika mwenyewe. Lakini kwanza kata mstari wa zamani."

Sindano aliutazama mwandiko ule wa kulala upande. "Naogopa, mama."

"Najua. Nami imenichukua miaka miwili, sikuweza." Mama Pacha alitoa pini mdomoni. "Sikiliza, mwanangu, nikwambie jambo ukawaambie na wenzako. Mzazi akikuonyesha njia, mheshimu, lakini mwambie ukweli kuhusu mwili wako na moyo wako, mapema, kabla kitambaa hakijakatwa. Hofu ukiifungia ndani inakula chakula chako. Ukiisema kwa mtu mzima unayemwamini, mnaigawana. Na kazi ya maisha haichaguliwi kwa kipimo cha mwaka juzi, hata kama aliyekupima alikuwa anakupenda kuliko watu wote."

Sindano aliishika penseli kwa mkono wake wa kutungia uzi. Alikata mstari mmoja mwembamba, mwepesi mno, herufi zote za mama zikabaki zinasomeka chini yake. Halafu akaandika vipimo vyake vipya, na pembeni, kwa kuwa mwenye kuyaandika hakuwepo tena, akayaandika yeye: *Bado anakua, acha nafasi.*